SAT: alama zimeganda 1180. Majaribio zaidi, daftari la makosa au tusheni?

Binti wa Kisauni
Salaam aleikum jamani. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, sasa najiandaa kwa SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuo vikuu vya Marekani, wa alama 1600. Majaribio yangu manne ya mwisho kwenye Bluebook, programu ya kompyuta ya mtihani wenyewe: 1180, 1190, 1170, 1180. Wiki sita nzima sijasogea. Nataka 1350, maana bila ufadhili siendi popote. Nimewaza mambo matatu: niendelee na jaribio kila Jumamosi, niyaache nirudie makosa yangu, au baba anilipie tusheni Nyali. Pesa hiyo kwetu ni ya kujinyima. Zimebaki wiki tisa. Nyinyi mlifanyaje?

Kijana wa Likoni
Waaleikum salaam dada. Mimi nilikuwa mtu wa jaribio kila wiki. Nilitoka 1050 nikafika 1160, nikagota. Mwanzoni yanasaidia kwa sababu unazoea saa: maswali 54 ya kusoma na kuandika kwa dakika 64, halafu 44 ya hisabati kwa dakika 70. Ukishazoea, jaribio linakupima tu, halikufundishi. Tena yale ya Bluebook si mengi. Ukiyamaliza sasa, wiki ya mwisho utajipima na nini?

Mwalimu wa Tudor
Mwanangu, hiyo 1180 imegawanyikaje?

Binti wa Kisauni
Shikamoo mwalimu. Kusoma na kuandika 560, hisabati 620.

Mwalimu wa Tudor
Marahaba. Basi kabla hujamwomba baba hata shilingi, fungua jaribio la mwisho uangalie moduli ya kwanza ya hisabati peke yake, yaani nusu ya kwanza ya sehemu hiyo. SAT ya kompyuta hujirekebisha: ukiikosea sana moduli ya kwanza, ya pili inakuja nyepesi, na hapo hata ukipata yote huwezi kufika juu. Kwa hivyo kosa la uzembe kwenye moduli ya kwanza linakugharimu zaidi ya unavyodhani. Kila ulilokosa, liandike daftarini kwa mkono: swali lilitaka nini, wewe ulifanya nini, na kwa nini. Usiandike "sikuwa makini". Hilo halikufunzi kitu.

Mama wa Majengo
Nami niseme la tusheni. Mwanangu nilimlipia kituo kimoja hapa mjini, miezi miwili. Darasa moja watoto zaidi ya ishirini, wote wanafunzwa mada ileile. Hisabati yeye alikuwa anaijua, kilichomwangusha ni kusoma, lakini nusu ya saa nilizolipa zilikwenda kwenye hisabati. Iliniuma. Silaumu tusheni zote. Nasema usiende kununua dawa kabla hujajua unaumwa wapi.

Binti wa Kisauni
Mwalimu, nimekaa na daftari tangu alasiri. Makosa saba kwenye moduli ya kwanza ya hisabati, na manne ni ya vitu ninavyovijua! Moja hili: ikiwa 2x + 6 = 20, thamani ya x + 3 ni ngapi? Nilipata x = 7, nikaiona 7 kwenye majibu, nikachagua nikapita. Jibu ni 10. Ningegawanya pande zote kwa 2 ningelipata kwa mstari mmoja. Lingine kama hilo nimelikosa kwenye majaribio matatu tofauti, na sikuwahi kuliona.

Mwalimu wa Tudor
Hapo ndipo alama zako zilipolala. Sasa fanya vivyo hivyo kwenye kuandika.

Binti wa Kisauni
Huko karibu yote ni alama za uandishi. Naunganisha sentensi mbili kamili kwa mkato tu, panapotakiwa nukta au nukta mkato. Kanuni moja, nimeikosa mara tano.

Kijana wa Likoni
Umeona! Lakini majaribio usiyaache kabisa dada. Kukaa saa mbili na zaidi kwa joto hili la Mombasa kunataka mazoezi. Moja kila wiki tatu linatosha, asubuhi, saa ileile ya mtihani. Na ujifunze kalkuleta ya Desmos iliyomo humo ndani: chora mistari miwili, bonyeza inapokutana, jibu hilo hapo. Swali lolote lisibaki tupu, jibu baya halipunguzi alama.

Mama wa Majengo
Na tusheni ukiitaka baadaye, nenda na hilo daftari mkononi. Umwambie mwalimu, "Nifunze hili na hili." Saa mbili za mtu mmoja zitakufaa kuliko mwezi wa darasa zima.

Binti wa Kisauni
Nimemwambia baba tungoje kwanza. Wiki tatu za daftari na mazoezi ya Khan Academy, ile tovuti ya masomo ya bure, kwa mada nilizoandika tu, kisha jaribio moja, nirudi hapa na alama. Daftari limefika ukurasa wa nne. Kesho nayafungua yale majaribio matatu ya zamani.