Kazini tunaogopa kusema mfumo umeharibika. Nibaki au niondoke?

NyotaYaSeva

Wakuu, habari za majukumu. Naombeni mawazo yenu, hasa nyie mliofanya kazi kwenye kampuni za teknolojia hapa Dar.

Nipo kampuni moja ya mifumo ya malipo, jina naomba nisilitaje. Mkataba ni wa miaka miwili, nimebakiza kama miezi minane. Kazi yenyewe naipenda sana. Nikipita Kariakoo nikamuona mwenye duka anapokea hela kupitia kitu tulichokijenga sisi, moyo unafurahi. Mshahara si haba na unaingia kwa wakati.

Kinachonisumbua ni maisha ya pale ndani. Tunaambiwa sisi ni familia, kwa hiyo grupu la WhatsApp halina saa za kufunga. Ukitajwa saa tano usiku unatakiwa ujibu. Usipojibu, kesho yake kwenye kikao cha asubuhi unaulizwa mbele ya wenzako kama una nia na kazi. Ovataimu hatulipwi.

Usiku ningeuvumilia. Hofu ndiyo inayoniumiza. Mwezi uliopita, Ijumaa jioni, tulipandisha toleo jipya la mfumo. Kijana mmoja mgeni akaona kwenye seva kuna miamala inajirudia, yaani mteja analipa mara moja anakatwa mara mbili. Hakusema. Alikaa na ile skrini karibu saa mbili anahangaika kurekebisha kimyakimya, kwa sababu mwenzake aliyetoa taarifa ya hitilafu kabla yake alifokewa mpaka akatoka nje analia. Tulikuja kushtuliwa na simu za wateja. Tukakesha tunarudisha hela za watu. Jumatatu bosi wa ufundi akamsimamisha yule kijana mbele ya ofisi nzima, akamuuliza chuoni alikuwa anasoma nini. Hakuna aliyeuliza kwa nini mfumo haukagui kama namba ya muamala imeshapita. Tuliweka kiraka, na mpaka leo ni kiraka.

Nimalize mkataba nikiwa kimya, niongee, au niondoke? Na kama ni kuongea, niongee na nani?

Chakubanga_Mpya

Ondoka dada. Miezi minane ni mingi kwa mtu anayelala na simu mkononi. Anza kutuma maombi leo.

FundiMitambo

Mkuu hapo juu, usimharakishe mwenzio, kazi siku hizi hazipatikani kirahisi.

Dada Nyota, nimefanya kazi hizi muda mrefu, na nakwambia kampuni yenu itaumia tena palepale. Pakiharibika mnatafuta mchawi, mkimpata mnadhani mmemaliza. Ule mfumo ungeukataa muamala wenye namba iliyokwisha kupita, yule kijana asingekuwa na kesi yoyote.

Angalia yaliyowapata GitLab, kampuni inayowatunzia watengeneza programu kazi zao mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi wao, usiku, alifuta data kwenye seva ambayo siyo aliyoikusudia. Walipokwenda kwenye nakala za akiba wakakuta njia zao karibu zote hazifanyi kazi. Wakapoteza data ya takriban saa sita. Walichofanya ni kuweka kila kitu hadharani, hata kazi ya kurejesha wakairusha moja kwa moja YouTube. Baadaye wakachapisha uchambuzi wa tukio zima, na swali lao kubwa lilikuwa kwa nini nakala za akiba zilikuwa hazikaguliwi na mtu. Yule mhandisi hawakumfukuza.

Kwa hiyo kama utaongea, ongea kwa kupitia tukio. Andika ukurasa mmoja: saa ngapi toleo lilipanda, saa ngapi dalili ya kwanza ilionekana, saa ngapi taarifa ilifika kwa timu, miamala mingapi iliguswa, na nini kingeizuia. Jina la mtu lisiwemo hata moja. Zile saa mbili za ukimya zipigie hesabu ya hela za wateja. Bosi anayepuuza machozi ya watu, hasara huwa anaielewa.

Karani_wa_Mahakama

Nije upande wa sheria. NyotaYaSeva, kuna watu unaowasimamia hapo kazini?

NyotaYaSeva

Hapana kaka, mimi ni mtaalamu wa kawaida tu.

Karani_wa_Mahakama

Vizuri, maana vifungu vya saa za kazi vinawaacha nje mameneja wanaosimamia wengine na kuripoti kwa uongozi wa juu. Wewe vinakuhusu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Ovataimu lazima iwe kwa makubaliano, isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na kila saa ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kesho upate mapumziko ya saa 12 mfululizo. Bosi akisema ni moyo wa kujitolea, hiyo haimuondolei deni.

Usiache kazi kwa hasira. Sheria inatambua kwamba mwajiri akifanya mazingira yasivumilike mpaka mtu akaacha, huko nako ni kuachishwa, ila mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako, na ni mzito. Tunza daftari lako: tarehe, saa uliyoanza, saa uliyomaliza, nani alikuagiza. Ikifika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, shauri la kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, migogoro mingine siku 60. Watu wengi wanaofika pale wana haki kabisa, lakini siku zimeshapita.

Na tafadhali, usipige picha skrini zenye majina au namba za wateja ukidhani unakusanya ushahidi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, itakugeukia wewe.

MamaWawili

Mimi nimewahi kuongoza timu ya namna hiyo. Mdogo wangu, usimvamie bosi kwenye kikao cha asubuhi. Mtu anayefokea watu mbele za watu hawezi kukubali kurekebishwa mbele za watu. Omba muda wake pembeni, mpe ule ukurasa wa FundiMitambo, kisha omba kitu kimoja tu: zamu. Wiki hii usiku anashika fulani, wiki ijayo mwingine, wengine wanalala. Hilo halimgharimu sana, na jibu lake litakuonyesha kama pale pana matumaini.

Kuna profesa wa Harvard, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya dawa hospitalini akakuta timu nzuri zina makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Zilikuwa zinasema, zile nyingine zinaficha. Mwambie bosi wako hilo.

Na yule kijana mmemwacha peke yake? Mtu wa miezi michache akidhalilishwa hivyo anaweza kuiacha fani kabisa. Kaeni naye hata chakula cha mchana.

NyotaYaSeva

Asanteni sana, wote. Yule kijana nimempigia leo, kesho tunakula pamoja na wenzangu wawili. Ukurasa nimeshauanza, saa zote zipo kwenye kumbukumbu za mfumo. Nitaomba kuonana na bosi wiki ijayo kuhusu zamu. Akikataa, nitaomba malipo ya ovataimu kwa maandishi huku natafuta kwingine. Karani, barua hiyo niipeleke kwa nani?

Karani_wa_Mahakama

Kwa afisa utumishi, nakala kwa bosi wako. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, uihifadhi nyumbani. Na kabla ya yote, soma mkataba wako kifungu cha kuvunja mkataba, kwa sababu huo ni wa muda maalumu. Ukikwama, weka hapa maneno ya hicho kifungu bila jina la kampuni, tukisome pamoja.