Washindi wa vita vya kwanza vya dunia walipokaa Paris 1919, mbona kila mtu alikuwa na lake?

Ami_wa_Langoni
Asalaam aleikum wanabaraza. Kijana wa ndugu yangu yuko fomu four hapa Amu, juzi karudi na insha ya historia imekatwa maksi, kaandika kwamba Mjerumani aliposhindwa washindi walikaa "kwa nia moja" wakaandika mkataba, mwalimu kaizungushia hiyo nia moja kalamu nyekundu basi. Mi nikamwambia mwalimu kakosea, si walipigana upande mmoja? Sasa nimeanza kuingiwa na wasiwasi manake kijana ananitegemea na mimi shule yenyewe niliikimbia nikaingia jahazini. Nielezeni kibaraza, Wilson rais wa Marekani alitaka nini, yule Mfaransa alitaka nini, Mwingereza je? Na huku kwetu ilitugusa au ni mambo ya Wazungu tu

nahodha_mstaafu
Waaleikum salaam. Mwalimu yuko sawa shekhe. We umeingia baharini, unajua watu wanaweza kuvuta jarife moja tangu alfajiri wakielewana vizuri, ngoja lifike ufuoni samaki waanze kugawanywa ndo utajua nani ni nani.

Anza na Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa. Mzee wa miaka 77 huyo, 1871 alikuwa mtu mzima, aliona Wajerumani wakiishinda nchi yake na kutangaza dola yao kwenye ukumbi wa vioo wa Versailles, ndani ya Ufaransa kwenyewe! Tarehe 18 Januari. Na mkutano wa Paris ukafunguliwa 18 Januari 1919, halafu mkataba ukatiwa saini ukumbi ule ule 28 Juni. Huyu mzee hakuja kuzungumza falsafa. Februari alipigwa risasi barabarani, moja ikabaki mwilini, baada ya siku chache karudi kazini. Alichotaka ni Mjerumani asiweze kurudi tena, basi. Arudishiwe Alsace na Lorraine, majimbo aliyonyang'anywa 1871, alipwe, na ule upande wa magharibi wa mto Rhine ukatwe kabisa kutoka Ujerumani uwe ngome yake. Wenzake wakakataa hilo la mwisho. Wakampa ahadi badala yake, kwamba Mjerumani akivamia, Marekani na Uingereza watakuja kumsaidia, na majeshi ya washindi yatakaa Rhine miaka 15. Akakubali. Halafu Seneti ya Marekani ikaukataa mkataba, na Mwingereza akasema mimi ahadi yangu ilikuwa imefungwa na ya Mmarekani, kwa hiyo mzee akakosa mto na akakosa ahadi.

Lloyd George, waziri mkuu wa Uingereza, ndo kigeugeu (mi nampenda lakini). Desemba 1918 alishinda uchaguzi watu wakipiga kelele Mjerumani alipe, sasa angerudi London mikono mitupu? Lakini Machi akawaandikia wenzake kwamba tukimkaba sana huyu tutazaa vita vingine, na pia Mjerumani masikini atanunua bidhaa za nani, na akienda kwa Wabolsheviki, wale wakomunisti wa Urusi, je. Hapo hapo yeye ndo alishikilia pensheni za wajane na askari ziingizwe kwenye fidia ili fungu la Uingereza liongezeke!

Wilson alikuja na pointi zake 14 za amani na Shirika la Mataifa, chama cha nchi zote cha kuzuia vita. Kila alipobanwa aliachia kitu ili Shirika lipite. Likapita, nchi yake ikakataa kuingia.

malindi_casuarina
Nahodha umemsahau Orlando, waziri mkuu wa Italia, na sie huku Malindi tunaishi na Wataliano wajukuu zake 😂 Italia iliahidiwa ardhi kwa siri London 1915 ndo ikaingia vitani. Kufika Paris wakataka na mji wa Fiume ambao haukuwa kwenye ahadi, Wilson akagoma, Orlando akalia mbele ya watu kisha Aprili akafunga virago akaenda zake Roma. Mei karudi mwenyewe, wenzake walikuwa wanaendelea tu na kazi.

bintiyeKiwayu
Hiyo ahadi ya London ndo jibu la swali lako la mwisho ami. Kilikuwemo kipengele kinasema Uingereza na Ufaransa wakiongeza makoloni Afrika kwa kumnyang'anya Mjerumani, basi Italia nayo ipewe chake. Mwingereza kachukua Tanganyika, deni likawa pale pale. Likalipwa kwa nini? Jubaland! 1925 Kismayu na nchi yote ile ikatolewa kutoka Kenya ikaenda kwa Mtaliano, mpaka uliokuwa mto Juba ukasogea huku chini karibu na Kiunga. Sasa sisi Wabajuni ambao jamaa zetu wako visiwa vya kule na huku tukajikuta huyu wa Mtaliano huyu wa Mwingereza, na hakuna aliyeulizwa. Wanasema Orlando alirudi bure lakini Italia haikutoka mikono mitupu, sehemu ya hesabu yake ililipiwa hapa jirani.

kaka_mkomani
Mimi huyo Wilson mnayemsikitikia simsikitikii. Japani ilileta hoja Shirika liandike kwamba mataifa yote ni sawa bila kujali rangi, kura 11 kati ya 17 zikakubali, Wilson ndo mwenyekiti akasema haipiti mpaka wote wakubaliane. Haya na ile kauli yake ya watu wajiamulie wenyewe iko wapi. Wapagazi wetu waliokufa njiani wakibeba mizigo ya vita mpaka Kariakoo ya Dar ikapata jina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps, hao nani aliwataja kwenye kugawana?

Ami_wa_Langoni
Ahsanteni sana wallahi. Swali moja dogo, Mjerumani mwenyewe alikuwa upande gani wa meza?

nahodha_mstaafu
Hakuwa mezani. Aliitwa Mei akakabidhiwa karatasi, akaambiwa majibu yake ayaandike.

Ami_wa_Langoni
Loh. Kijana nimemsomea yote, kapenda ya Kismayu lakini anaogopa haiko kwenye kitabu cha shule mwalimu atakata tena

bintiyeKiwayu
Aandike. Akikatwa mlete hapa tumkatie rufaa