Ulinganisho: saa, mkanda wa kifuani au bangili ya mkono wa juu kwa kupima mapigo ya moyo?

MwanaMoshi
Ndugu wanajukwaa, najiandaa kwa nusu marathoni ya Kilimanjaro, na kwa miezi minne sasa nimekuwa nikivaa saa janja. Nikikimbia taratibu kwenye tambarare, saa hunionyesha mapigo 135 hadi 140 kwa dakika, nami naona yanalingana na pumzi zangu. Ninapofanya mazoezi ya vipindi, yaani dakika mbili za kasi na moja ya kutembea, namba hupanda wakati nimeshaanza kupumzika. Juzi iliniandikia 172 kwenye mteremko mwepesi, ilhali nilikuwa nikizungumza na mwenzangu bila kuhema. Je, ninunue mkanda wa kifuani, au bangili ya mkono wa juu, au kosa liko katika uvaaji wangu?

FundiSaketi
Hiyo 172 nashuku kwamba si mapigo yako bali ni hatua zako. Saa haiusikilizi moyo. Mgongoni mwake kuna taa ndogo za kijani na kihisi cha mwanga. Kwa kuwa himoglobini, yaani kijenzi chekundu cha damu, hufyonza sana mwanga wa kijani, kila moyo unaposukuma damu mishipa midogo ya ngozi hujaa na mwanga unaorudi hupungua kidogo, kisha huongezeka tena, na saa huhesabu kupanda na kushuka huko. Mkono unapopunga, damu na saa yenyewe hutikisika kwa mdundo wa hatua, na wakimbiaji wengi hupiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika. Programu hujaribu kuuondoa mdundo huo kwa msaada wa kihisi cha mwendo, ila mara nyingine huondoa usio wenyewe. Kuchelewa nako kunatokana na kwamba namba unayoiona ni wastani wa sekunde kadhaa zilizopita.

Mkanda wa kifuani ni habari nyingine kabisa, kwa sababu hupima umeme. Kila pigo huanza na msukumo wa umeme ndani ya moyo, na elektrodi mbili za mkanda, yaani vipande vya kunasia umeme, huunasa juu ya ngozi. Ni kanuni ile ile ya kipimo cha hospitalini cha umeme wa moyo (ECG) kilichompatia Willem Einthoven wa Uholanzi tuzo ya Nobel mwaka 1924. Kwa mazoezi ya vipindi, mimi sioni mshindani wake.

DadaWaIten
Nakubaliana na Fundi kuhusu usahihi, lakini mkanda una adha zake ambazo wauzaji hawazitaji. Elektrodi zisipoloweshwa kwa maji kabla ya kuuvaa, dakika kumi za mwanzo hutoa namba za ajabu mpaka jasho litoke. Na kwa sisi wanawake, kuuvaa pamoja na sidiria ya michezo kwa saa mbili huacha michubuko. Huku Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, alfajiri ni baridi, mishipa ya mkononi hujikunja, na saa yangu huniambia mapigo ni 90 ilhali napanda kilima ulimi nje. Nimeishia kwenye bangili ya mkono wa juu. Nayo hutumia mwanga kama saa, ila pale pana nyama zaidi, hapatikisiki sana, na hapapoi upesi kama kifundo cha mkono.

MwanaMoshi
Ahsanteni. Nimesikia pia kwamba mwanga wa kijani hauwafai watu wenye ngozi nyeusi. Kuna ukweli?

FundiSaketi
Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, nayo hufyonza mwanga huo. Hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walipolipima jambo hilo mwaka 2020 kwa watu wa rangi mbalimbali, hawakuona tofauti kubwa ya usahihi kati ya ngozi na ngozi. Walichokiona ni kwamba makosa wakati wa kujishughulisha yalizidi yale ya mapumziko kwa wastani wa asilimia 30. Tatuu chini ya saa ndiyo kikwazo hasa, kwani wino huzuia mwanga. Namba za kalori, kwa upande wangu, sizitazami: Chuo Kikuu cha Stanford kilijaribu vifaa saba mwaka 2017, na sita vilipima mapigo kwa kosa la chini ya asilimia 5, lakini katika kalori hata kilicho bora kilikosea kwa asilimia 27.

MuuguziMstaafu
Kabla hujatoa fedha, mwanangu, tumia vidole viwili. Simama, gusa mshipa wa shingoni kwa upole, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Fanya hivyo papo hapo, maana mapigo hushuka haraka ukishasimama.

MwanaMoshi
Shikamoo, mama. Nimefanya hivyo leo jioni kwenye mteremko ule ule: vidole 128, saa 169. Kisha nimeisogeza saa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo na kuikaza, ikasoma 131. Kwa mbio ndefu nitabaki nayo. Mkanda nitauazima kwa mwenzangu kwa ajili ya vipindi vya Jumanne, iwapo saa yangu itakubali kuunganishwa nao.