Tupeane uzoefu: blanketi la mtoto la kushona kwa mkono, tangu bonge la uzi hadi kamba ya kuanikia

Mwanzisha mada (South B)

Wadau, hamjambo. Baridi ya Juni hadi Agosti ndiyo inayotuamsha hapa Nairobi tukimbilie uzi, halafu blanketi linamalizika Oktoba jua limeshawaka. Anayetarajia mtoto wa Julai aanze Aprili. Naomba tukusanye hapa yale tunayoyajua kwa vipimo: gramu ngapi, sindano namba ngapi, mishono mingapi, na hasa panapoharibika na kwa nini. Hadithi za nani alimshonea nani tuziwekee mada nyingine.

Naanza na ukubwa. Sentimita 75 kwa 75 humtosha mtoto mchanga wa kupakatwa. Sentimita 75 kwa 90 ndilo la kazi zote: kliniki, mgongoni, kwenye zulia. La 90 kwa 120 ni la mtoto aliyekwisha kuanza kutembea. Zaidi ya hapo unashona mzigo. Blanketi refu linaburuta sakafuni mwa matatu, na kwenye bodaboda ncha inayoning'inia inaweza kunaswa na spoku au mnyororo. Ukimfunga mtoto mgongoni, blanketi liingie lote ndani ya leso (kanga), pasibaki pembe nje.

Mshona kroshia (Umoja)

Nichukue upande wa kroshia. Kwa 75 kwa 90, uzi wa akriliki wa unene wa DK (wa wastani) na sindano ya milimita 4, weka akilini gramu 350 hadi 400. Soma karatasi ya bonge: gramu 100 za DK huwa na mita 280 hadi 300 hivi. Ukikuta gramu 100 zina mita 170 au 200, huo ni uzi mnene, unataka sindano ya milimita 5 au zaidi, na gramu zitaongezeka.

Kwenye karatasi hiyo hiyo kuna namba ya rangi na namba ya lot, yaani pipa ambamo uzi ulitiwa rangi. Nunua mabonge yote ya lot moja, pamoja na moja la akiba. Nyeupe mbili za lot tofauti zinafanana kabisa ndani ya duka lenye taa, ukitoka juani blanketi lina mstari. Kama huna budi kuchanganya, usimalize bonge la zamani kwanza. Shona safu mbili za lot hii, safu mbili za ile, kwa upana wa kiganja, mpito utapotea.

Sasa sampuli (kipande cha kujaribia), ambayo wengi wanairuka. Cheni 22 (vitanzi vya mwanzo), trebo 20 (mishono mirefu), safu 12. Ifue, ianike, ndipo upime katikati, si pembeni. Ukipata trebo 16 kwa sentimita 10, blanketi la sentimita 75 ni trebo 120. Ukiwa na mkono wa kubana ukapata 18, trebo zile zile 120 zitakupa sentimita 67, na hutajua hadi umefika katikati.

Anzisha cheni 122. Trebo ya kwanza iingie cheni ya nne kutoka kwenye sindano, kwa kuwa zile tatu ulizoruka zinahesabika kama trebo moja. Mwisho wa safu uwe na 120. Ukigeuka, cheni 3, ruka mshono ulio chini yake, endelea, na ukifika mwisho trebo ya mwisho iingie juu ya zile cheni 3 za safu iliyopita. Hapa ndipo blanketi linapogeuka kuwa pembetatu! Ukisahau hizo cheni 3 unapoteza mshono mmoja kila safu, na ukishona kwenye ule mshono uliopaswa kurukwa unaongeza mmoja. Hesabu kila safu ya tano. Kufumua safu tano ni robo saa, kufumua arobaini ni machozi.

Na mchoro uliotoa mtandaoni, angalia umetoka wapi kabla ya kugusa uzi. Dabo ya Marekani ndiyo trebo ya Uingereza. Singo ya Marekani ndiyo dabo ya Uingereza. Mchoro wowote unaotaja singo ni wa Marekani, kwa sababu Waingereza hawana mshono wa jina hilo. Mimi hapa nimetumia majina ya Uingereza, ndiyo wengi wetu tuliyofundishwa.

Mfumaji (Buruburu)

Naongezea kwa dada wa Umoja: ile cheni ya mwanzo ishonwe kwa sindano ya milimita 5, kisha urudi kwenye ya 4. Cheni haivutiki kama trebo, kwa hiyo ikibanwa, ukingo wa chini unakuwa mfupi na blanketi linapanuka kama sketi. Hakuna kufua wala kunyoosha kutakakoliponya.

Ukingo wa kumalizia: kwenye pande za safu weka dabo (mshono mfupi kuliko trebo) 2 kwa kila safu ya trebo, kwenye pembe dabo 3 katika tundu moja. Pakijikunja mawimbi umezidisha, pakivuta ndani umepunguza.

Mpenzi wa mitumba (Toi)

Kwa asiye na bajeti ya uzi mpya, sweta za mitumba za Gikomba na Toi zina uzi mzuri kuliko ulio madukani, ila ujue kuchagua. Geuza sweta ndani nje, utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kingo za kufumwa zimeunganishwa kwa uzi wa vitanzi, hiyo itafumuka uzi mmoja mrefu. Ukiona ovaloki, iache. Ovaloki maana yake kitambaa kilikatwa kwa mkasi, na kila safu itakutokea kipande cha upana wa kifua. Iache pia sweta ya sufu iliyokwisha kugandamana kwa maji moto, haifumuki kamwe.

Kama lebo imekatwa, kata uzi wa urefu wa kidole, ushike kwa koleo juu ya beseni la maji, uwashe. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unajizimikia, na jivu linasagika. Akriliki inayeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Pamba inanuka karatasi. Kwa mtoto mchanga mimi napendelea pamba au akriliki laini. Sufu ikiwa nyororo sawa, lakini ipitishe kwanza chini ya kidevu chako kwa dakika chache. Ikikuwasha wewe, mtoto haitamfaa.

Fumua ukianzia juu, mahali kazi ilipomalizikia. Zungushia uzi kwenye miguu ya kiti kilichopinduliwa, ufunge mahali 4 kwa uzi wa rangi nyingine, usikaze. Loweka maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, uning'inize ukiwa umelowa na kitu chepesi chini, kama hanga moja. Yale mawimbi yananyooka. Ukishona uzi ukiwa bado una mawimbi, mishono haitalingana, na ukishafua blanketi litabadilika ukubwa. Sweta nyingi ni za uzi mwembamba, kwa hiyo shika nyuzi mbili pamoja, na ufanye sampuli upya.

Fundi cherehani (Eastleigh)

Wengine hatuna subira ya kroshia. Flisi, kile kitambaa laini cha joto, na leso hutoa blanketi zuri kwa alasiri moja, na mimi nalithamini sawa na la uzi. Flisi huuzwa kwa upana wa sentimita 150, mita moja inatosha. Leso moja ya jozi inatosha upande wa pili. Ifue leso mara mbili kabla ya kukata, kwa sababu ni pamba, itapungua ukubwa, flisi haitapungua. Usipofua, kufua kwa kwanza leso inajikunja na flisi inavimba katikati kama mto. Sugua pia kitambaa cheupe kilicholowa juu ya leso. Kikitoka na rangi, endelea kufua.

Kata vyote viwili sentimita 78 kwa 98. Leso pima kabla ya mkasi, jina (msemo ulioandikwa) lisije likakatika katikati ya neno. Liweke lisomeke lote upande mmoja, ndilo litakalosomwa siku zote. Unganisha nyuso kwa nyuso, pini kila sentimita 8, flisi ikae chini upande wa meno ya cherehani, maana ndiyo inayovutika na meno huisogeza sawa na leso. Flisi ikiwa juu, unafika mwisho imezidi sentimita mbili. Sindano 90/14, urefu wa mshono milimita 3, pindo sentimita 1.5, acha wazi sentimita 12 za kugeuzia, wala usiziache pembeni mwa pembe. Punguza pembe kwa mkasi, geuza, kisha piga mshono wa juu kuzunguka milimita 6 kutoka ukingoni, ukiifunga ile nafasi. Utapata 75 kwa 95. Malizia kwa mistari inayopita blanketi zima kila sentimita 15, la sivyo matabaka mawili yatatembea kila moja kivyake.

Pasi upande wa leso tu, ya moto mdogo. Flisi inayeyuka.

Mshona kroshia (Umoja)

Fundi amenigusa hapo kwenye pasi. Akriliki pia. Pasi ya moto inaiua, inalegea na kung'aa, hairudi tena.

Mlezi (Kasarani)

Naomba mnisikilize kwenye usalama, kwa kuwa michoro mingi ya kuvutia haikumfikiria mtoto. Matundu yasipitishe kidole cha mtoto, na kidole cha mguu ndicho cha kuogopa zaidi: kinaingia, mtoto anapiga teke, uzi unajikaza, na mtu mzima anaona kilio tu. Kwa hiyo mshono wa kufunga, si wa nyavu. Ukitaka nyavu, weka kitambaa cha pamba nyuma. Hakuna vishada, vifungo, pomponi wala utepe. Uzi wa manyoya usitumike kabisa, unang'oka na kuingia mdomoni.

Na blanketi hata likiwa zuri namna gani, si la kulalia. American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kinashauri mtoto asiyefikisha mwaka 1 asilazwe na blanketi lisilofungwa, kwa hatari ya kumfunika uso. Usiku wa Julai mvishe nguo za tabaka au mfuko wa kulalia. Blanketi ni la kupakata, la kubebea, la kutandika sakafuni akiwa macho na wewe uko hapo.

Mgeni (Rongai)

Shukrani wadau. Mtu mwenye mabonge matatu tu ya gramu 100, DK, na hajui kama yatatosha, ashone nini?

Mfumaji (Buruburu)

Karibu. Afume kutoka pembe hadi pembe, sindano mbili za milimita 4, na mzani wa jikoni karibu. Anzisha mishono 4, fuma safu moja. Kisha kila safu: fuma 2, uzi mbele (upite juu ya sindano), fuma hadi mwisho. Kila safu inaongeza mshono mmoja na kuacha tundu dogo ukingoni, ambalo utalibana kwa kulifumia nyuma ya kitanzi. Uzi ukibaki gramu 155, anza kupunguza: fuma 1, fuma 2 pamoja, uzi mbele, fuma 2 pamoja, fuma hadi mwisho, mpaka irudi mishono 4. Zile gramu 10 za ziada ni za kufungia. Atapata mraba wa sentimita 70 hadi 75 bila kuhesabu chochote mwanzoni. Mishono ya katikati inazidi mia, kwa hiyo sindano ya kamba (ncha mbili zilizounganishwa kwa kamba) ya sentimita 80 itamfaa kuliko zile fupi zilizonyooka.

Kuunganisha bonge jipya asifunge fundo. Linatokeza, linamchoma mtoto, na akriliki inateleza likafunguka. Aache mkia wa sentimita 15, aupitishe kwa sindano butu sentimita 5 kwenda, 5 kurudi, kisha mshazari. Mielekeo miwili tu haitoshi kwa akriliki.

Mwanzisha mada (South B)

La mwisho kutoka kwangu, kufua. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo iliyokwisha kuyeyuka, bonyeza usisugue. Siku ambayo maji ya mgao ni haba, ahirisha, kwa kuwa sabuni iliyobaki hukakamaza uzi na huwasha ngozi. Usilikamue kwa kulisokota. Likunje ndani ya taulo, likanyage kwa miguu mitupu. Uzi wa pamba uliolowa ni mzito sana, ukiutundika kwenye kamba moja blanketi la 90 linarefuka na halirudi. Kule juu ya paa la ploti, litandaze juu ya kamba nne zilizo sambamba, kivulini penye upepo, uligeuze baada ya muda wa saa tatu, bila vibanio. Mwezi wa Julai pamba inaweza kuchukua siku mbili au tatu, na ikikunjwa kabla haijakauka katikati ya mshono itanuka uvundo. Ishike shavuni. Ikiwa baridi, bado ina maji.