Niingie kama kuruta au niombe uofisa? Nina miaka 23, nisaidieni kulinganisha

Mtafutanjia

Habarini wakubwa kwa wadogo. Jeshi nimelipenda tangu utotoni na kuingia nimeshaamua. Kinachoninyima usingizi ni mlango wa kuingilia. Nina miaka 23, namalizia shahada ya uhandisi wa umeme. Naweza kuandikishwa kama kuruta, nikimaliza depo (kambi ya mafunzo ya awali) nipelekwe fani ya mawasiliano, nishike mitambo kwa mikono yangu. Au nisubiri usaili wa ofisa kadeti, yaani mwanafunzi wa uofisa, nikifaulu nitoke na nyota ya kwanza begani.

Mjomba wangu alistaafu akiwa sajini. Anasema ofisa ambaye hajawahi kulala bweni moja na makuruta hawajui watu anaowaongoza. Baba anasema mwenye shahada kwenda ukuruta ni kuitupa miaka yote aliyosoma. Wote wawili nawaheshimu, na wote wanasema kwa kunipenda, ndiyo maana nimekwama. Mliopita njia hizi, nielezeni tofauti yenyewe ilivyo. Mshahara naweza kuusoma kwenye tangazo.

Koplo_Mstaafu

Mdogo wangu, kwanza ondoa kichwani ile picha ya ngazi moja ndefu, kuruta akiwa chini na jenerali juu. Ngazi ni mbili na zimesimama sambamba. Ya askari inapanda koplo, sajini, sajinitaji, mpaka afisa mteule daraja la kwanza. Huyo ni mtu mzima, mara nyingi ana miaka 20 au zaidi kazini, kikosi kizima kinamwogopa na kumpenda. Lakini luteni usu wa miaka 23 akipita, yule mzee anapiga saluti. Nchi za NATO wanaandika vyeo kwa hesabu mbili kabisa: OR-1 hadi OR-9 kwa askari, OF-1 hadi OF-10 kwa maofisa.

Koplo hawi luteni kwa kungoja zamu yake ifike. Anaomba, anasailiwa pamoja na wenzake wengi, halafu anaanza chuo upya kama mtoto wa jana. Kwa hiyo anayekuambia "ingia tu, uofisa utakuja wenyewe" hakutendei haki, hata kama ana nia njema.

Nyota_Tatu

Mimi niliingia moja kwa moja kama ofisa kadeti, sasa ni kapteni. Niseme nilichokiona.

Muda wa mafunzo unategemea jeshi na elimu uliyonayo. Chukua vyuo vya maofisa: Sandhurst ya Uingereza ni wiki 44. Saint-Cyr ya Ufaransa ni miaka 3. West Point ya Marekani ni miaka 4, unatoka na shahada, kisha unadaiwa angalau miaka 5 ya utumishi. Lakini Marekani hiyohiyo, mwenye shahada tayari anaweza kupitia kozi ya maofisa pale Fort Benning kwa wiki 12, baada ya mafunzo ya awali ambayo kila askari wa nchi kavu anayapitia kwa wiki 10. Ndiyo kusema shahada yako haikupi cheo bure, inakufupishia njia.

Wiki za mwanzo kadeti na kuruta hamtofautiani. Mnanyolewa, mnakimbia, mnapiga kwata hadi nyayo ziwake moto, mnakunja shuka kwa vipimo. Tofauti inaanza pale unapopewa wenzako uwaongoze. Mkufunzi anakuita saa nane usiku, mvua inanyesha, anakuambia njia uliyopanga kupita imefungwa, wenzako hawajala, una dakika 20 za kutoa amri. Jibu sahihi wakati mwingine halipo kabisa. Anachotazama ni kama utaamua, utasema kwa sauti inayoeleweka, na kama mpango ukivunjika utaupanga upya bila kumtupia lawama mtu mwingine.

Platuni yangu ya kwanza ilikuwa na watu 28. Sajini wangu alikuwa amenizidi miaka 14. Tulifanya matembezi ya siku mbili na mizigo mgongoni, tukafika kituo cha kulala giza limeshaingia. Mimi nikatoa daftari nianze kuandika taarifa. Sajini akaja na tochi akasema taratibu, wengine wasisikie: "Afande, miguu kwanza." Tukapita mtu mmoja mmoja. Yeye anamulika, askari anavua buti na soksi, mimi natazama. Malengelenge, kucha zilizong'oka, kijana mmoja kisigino kimechubuka mpaka soksi imegandia kwenye nyama na alikuwa hajasema neno kutwa nzima. Nikamuuliza sajini, "Huyu anaweza kuendelea kesho?" Akanitazama tu. Alikuwa na jibu, lakini lilikuwa si lake kulitoa. Nikasema huyu haendelei, na mwingine mmoja pia, nikawasha redio kumweleza mkuu wa kombania kwa nini kesho nitafika na watu 26.

Kazi ya ofisa ni hiyo. Sajini anaijua miguu kuliko wewe, na atakufundisha ukimruhusu. Neno "haendelei" ni lako, na kesho ukiulizwa unajibu wewe.

Sasa kwa mhandisi kama wewe: ofisa wa mawasiliano hashiki bisibisi kama unavyodhani. Mwaka wa kwanza labda. Baadaye ni likizo za watu, magari, mashauri ya nidhamu, ratiba, vikao. Anayefungua redio ni koplo na sajini.

Fundi_Mitambo

Kapteni kasema kweli, naongezea kutoka upande wangu. Mimi ni sajini wa mawasiliano, mwaka wa 11. Niliwahi kuitwa na mkuu wangu akaniambia nijaze fomu ya uofisa, nikamshukuru nikakataa. Redio imeletwa imekufa, umeifungua mezani, umefuata umeme kituo kwa kituo ukiwa na kipimo mkononi, na saa tisa alasiri unasikia ule mlio wa kuwaka na sauti ya mtu aliye kilomita 40. Kwangu hiyo ndiyo kazi, na sikutaka kuibadilisha kwa meza yenye mafaili.

Lakini sikufichi upande mwingine. Mshahara wa ofisa umenizidi na utaendelea kunizidi. Bwalo lao, nyumba zao, vyote viko tofauti na vyetu. Na ukiwa kuruta, miaka miwili mitatu ya mwanzo wewe ni wa kutumwa: lindo la usiku, kufagia, kubeba. Una shahada lakini anayekuamuru ana elimu ya sekondari, na anakuamuru kwa haki kwa sababu kazi anaijua na wewe huijui. Kama moyo wako utalichukulia hilo kama dharau, usije upande huu, utaumia na utawaumiza wenzako.

Jambo moja watu hawaulizi: je, jeshi unalotaka lina njia ya katikati? Marekani, helikopta nyingi za jeshi la nchi kavu zinarushwa na maofisa wateule, ambao kwao wako kati ya askari na maofisa, watu waliochaguliwa kwa ustadi wa kurusha ndege na si kwa kuongoza vikosi. Baadhi ya majeshi yana nafasi kama hizo kwa mafundi. Madaktari na wanasheria nao aghalabu huingia kama maofisa kwa kozi fupi, kwa ajili ya taaluma yao. Kaulize kama wahandisi wamo.

Wakili_wa_Kambi

Kwa upande wa sheria, maana hapa ndipo vijana wengi hawatazami. Cheo hubadilisha wajibu wako wakati wa vita. Mkataba wa tatu wa Geneva wa 1949 unasema ofisa aliyetekwa halazimishwi kufanya kazi, sajini na walio daraja lake wanaweza kutakiwa kusimamia tu, na askari wa kawaida anaweza kufanyishwa kazi. Linaonekana kama upendeleo kwa ofisa, lakini soma na upande wa pili. Mkataba wa Roma wa 1998, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kifungu cha 28, unambana kamanda kwa uhalifu wa walio chini yake kama alijua, au alipaswa kujua, akakaa kimya. Haitoshi kusema "sikuwepo".

Na askari naye asidhani amepona. Kifungu cha 33 cha mkataba huohuo hakikubali "niliamriwa" kama utetezi isipokuwa kwa masharti magumu, na amri ya kuua watu wa kabila au kundi fulani kwa lengo la kuliangamiza haina utetezi hata mmoja.

Mtafutanjia, jiulize kama unaweza kulala usingizi ukijua kosa la mtu wa 28 kwenye platuni yako linaweza kuwa swali lako mahakamani.

Kamba_na_Nyota

Mimi nimevaa vyote viwili, cheo cha askari na nyota ya ofisa, kwa hiyo mjomba wako na baba yako nawaelewa wote.

Mfano wa njia ya mjomba upo. William Robertson aliandikishwa jeshi la Uingereza mwaka 1877 akiwa askari wa kawaida wa farasi, mama yake akilia kwamba ni heri angemzika. Alipata kamisheni, yaani cheo cha uofisa, 1888 na kufika 1920 akawa fildi mashali, na hadi leo hakuna mwingine katika jeshi hilo aliyepanda kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa. John Shalikashvili aliitwa jeshini Marekani 1958 akiwa askari wa kawaida, akaenda kozi ya uofisa, na 1993 akawa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi. Israeli wamefanya huo kuwa ndio utaratibu: karibu kila ofisa anaanza kama askari, wakuu wake wanamwona, ndipo anapelekwa kozi.

Lakini tazama hao wawili wa kwanza ni watu wa namna gani. Huwezi kupanga maisha ukitegemea kuwa mmoja wao. Mimi aliyeniandikisha aliniambia kwa mdomo, tumesimama koridoni, kwamba ndani ya miaka miwili nitapelekwa uofisa. Hakuna lililoandikwa. Ilichukua miaka sita. Nafasi zilikuwa chache, mkuu wa kwanza hakutaka kunipoteza kwenye kikosi chake, wa pili alihamishwa kabla hajasaini. Nilipoitwa, umri wa mwisho wa kuomba ulikuwa umebaki miezi mitano. Nilikuwa naamka usiku kuhesabu tarehe. Kijana, chochote utakachoahidiwa, kione kwenye karatasi na uulize umri wa mwisho ni upi. Hilo la umri ndilo linalofunga mlango kimyakimya.

Nilichopata katika miaka ile sita sitakikana. Najua askari anadanganya vipi kwamba haumwi. Najua chakula kikichelewa saa moja hasira inaanzia kona gani ya kambi. Ila kuna siku niliyorudi kambini na nyota. Jamaa aliyekuwa akilala kitanda cha juu yangu, tuliyegawana sabuni na viazi, alisimama wima akanipigia saluti, akaniita afande. Nikarudisha saluti. Hatukuwahi kurudi tulivyokuwa, na haikuwa kosa lake wala langu. Walinihamishia kikosi kingine mwezi uliofuata, na nadhani walifanya vizuri.

Mtafutanjia

Nimesoma yote mara mbili, asanteni sana. Maswali mawili. Nikifeli usaili wa uofisa, mlango wa ukuruta unafungwa? Na nikiingia chuo cha maofisa kisha nikaona sikiwezi?

Nyota_Tatu

La kwanza: kwa majeshi mengi hapana, unaweza kuja kuandikishwa kama umri bado unaruhusu. Wengine hukuambia urudi kujaribu uofisa mwaka unaofuata. La pili ndilo la kusoma mkataba kwa makini. Kwa mfano West Point, ukishaanza mwaka wa tatu kisha ukaacha, unaweza kutakiwa utumike kama askari wa kawaida au ulipe gharama za masomo. Uliza kwenu wanasemaje kabla hujasaini, na uombe nakala.

Dada_Signali

Mdogo wangu, naomba nikuulize kitu kimoja. Kwenye mradi wenu wa mwisho chuoni, kazi yako halisi ilikuwa ipi? Usiniambie ulichoandika kwenye ripoti.

Mtafutanjia

Dada, swali hilo limenikalisha. Tulikuwa watano. Kulehemu saketi alilehemu mwenzangu, ana mkono mzuri kuliko wangu. Mimi ndiye niliyekuwa napanga nani anafanya nini, mmoja alipofiwa nikagawa sehemu yake, na kifaa kilipoungua siku mbili kabla ya kuonyesha, ni mimi niliyekwenda kwa mwalimu kueleza. Niliona kawaida tu.

Dada_Signali

Basi omba uofisa, na uombe mapema. Ukifika kwenye platuni mtafute sajini kama huyu Fundi, umkalie karibu.

Mtafutanjia

Nimeamua. Dirisha la maombi likifunguliwa najaza fomu ya kadeti, na umri wa mwisho nimeshauandika ukutani. Mjomba nimempigia jioni hii kumwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama naweza kukimbia kilomita 10 na mzigo mgongoni. Siwezi. Nianzie wapi?

Koplo_Mstaafu

Anza na kilomita 3 bila mzigo, mara tatu kwa wiki, kwa mwezi mzima. Halafu tembea haraka na kilo 5 mgongoni, ongeza kidogo kidogo, na usikimbie na mzigo mpaka magoti yamezoea kutembea nao. Buti zinunue sasa, uzivae nyumbani kila siku mpaka zilainike. Soksi ziwe kavu, na beba jozi ya akiba kila unapotoka.