Pedi za sponji zinaziba katikati ya kazi ya polishi, mnazisafishaje?

Boneti_Nyeusi (Dar)
Habarini wakuu. Nina Harrier nyeusi, nimenunua mashine ya polishi ya DA (ile inayozunguka huku ikitetemeka) pamoja na pedi mbili za sponji, ngumu ya kukatia (kuondoa mikwaruzo) na laini ya kumalizia. Boneti imetoka safi kabisa, fenda nazo poa, ila nikifika milango ya nyuma mambo yanabadilika, kompaundi (ile dawa ya kusugulia rangi) inatoa vumbi jeupe, pedi inarukaruka, na nikimulika taa naona ukungu na vimikwaruzo vya duara ambavyo havikuwepo. Ukiishika pedi ni nzito, ya moto, na usoni ina ganda. Fundi mmoja kaniambia niongeze kompaundi, mwingine anasema pedi ni za kutupa kila gari. Bei ya pedi mnaijua wenyewe. Je, mnasafisha kazi ikiwa inaendelea au mpaka gari liishe? Na mnaoshea nini?

Fundi Mng'aro
Mkuu usiongeze kompaundi hata tone, hapo ndo unazidi kuiziba. Sponji ina vitundu, vile vitundu vinajaa kompaundi iliyokwisha kazi pamoja na kliya (lile koti la juu la rangi lisilo na rangi) uliyoikwangua kwenye gari, vikishajaa uchafu hauna pa kwenda unabaki katikati ya pedi na rangi, unapata moto, unakauka, unakuwa vijidonge. Hivyo vijidonge ndo vinakuchorea huo mlango. Na mashine ya DA pedi ikiwa nzito inaacha kuzunguka inabaki kutetemeka tu, kwa hiyo hukati chochote. Chukua maka peni, chora mstari ubavuni mwa ile sahani inayoshika pedi, ukiwa unafanya kazi uangalie: mstari ukizunguka uko sawa, ukisimama basi pedi imejaa au unakandamiza sana.

Dawa yake ni kusafisha kila unapomaliza kipande, sio kila gari. Kipande namaanisha kama sentimita 50 kwa 50. Ukimaliza, sogea mbali na gari, washa mashine spidi ya chini, weka brashi ya nailoni usoni mwa pedi uivute taratibu kutoka katikati kwenda ukingoni. Utaona vumbi linatoka na vitundu vinafunguka, pedi inarudi rangi yake. Halafu kunja taulo la pamba lile lenye nyuzi, libane kwenye pedi, washa tena sekunde chache, taulo linanyonya ule unyevu ambao brashi haiwezi kuutoa. Brashi kwa kikavu, taulo kwa kibichi, mimi natumia vyote viwili. Baada ya hapo matone matatu au manne madogo yanatosha kipande kinachofuata. Ile ya kupaka uso mzima wa pedi ni mara ya kwanza tu pedi ikiwa kavu.

Pwani Detailing (Mombasa)
Naunga mkono, ila niongeze kitu. Mwenye kompresa ana raha zaidi, upepo unatoa uchafu wa ndani ambao brashi haiufikii. Puliza kwa kuinamisha, usiielekeze karibu sana utaichana sponji, na vaa miwani maana lile vumbi likiingia machoni ni balaa. La pili bwana, pedi moja ya kukatia kwa gari zima la saizi hiyo haitoshi hata ukisafisha vipi. Joto linajikusanya katikati ya pedi, na huku kwetu pwani hewa yenyewe tayari ni moto, gundi ya velikro (kile kitambaa cha kunasia nyuma ya pedi) inalegea pedi inachomoka mashine ikiwa inazunguka. Uwe nazo nne hivi, hii ikipata moto unaipumzisha unachukua nyingine. Na pedi iliyokula kompaundi ya kukata usiitie polishi ya kumalizia, hata uiosheje, chembe kubwa zitabaki ndani na kwa rangi nyeusi utaziona.

Boneti_Nyeusi (Dar)
Asanteni sana wakuu, huo mstari wa maka peni naujaribu kesho. Sasa kuosha baada ya kazi, gereji ya jirani wanatumia petroli wanasema inatoa kila kitu. Ni sawa?

Mama Gari (Arusha)
Hapana kaka, petroli na thina vinakula gundi na sponji yenyewe, leo itaonekana safi wiki ijayo velikro inabanduka. Maji ya vuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo vinatosha. Osha siku hiyohiyo kabla kompaundi haijakauka, hili ndo kubwa kuliko yote, ikishakauka ndani hutaitoa yote. Loweka dakika chache sio usiku kucha, halafu minya kwa vidole gumba kutoka katikati, usiikamue kwa kuisokota kama nguo itachanika. Suuza mpaka maji yatoke safi kabisa. Kama maji yako ni ya kisima cha chumvi, suuza ya mwisho tumia ya mvua au ya bomba. Kisha irudishe kwenye mashine, iingize ndani ya ndoo tupu, zungusha spidi ndogo itoe maji. Ianike kivulini velikro ikitazama juu, maji yashuke upande wa sponji yasikae kwenye gundi. Ikikauka kabisa weka kwenye kontena lenye mfuniko, chembe moja ya mchanga ikinasa humo umeharibu kazi. Ya kutupa ni ile iliyochanika ukingo, iliyobonyea katikati hairudi, au velikro inaachia.

Fundi Mng'aro
Dada kamaliza. Mkuu kitu kimoja tu, wakati unapiga brashi angalia rangi ya uchafu. Rangi yenye kliya inatoa uchafu mweupe au wa kijivu hata gari likiwa jeusi. Ukiona pedi inachukua weusi kabisa na gari ulishaliosha vizuri, ujue hicho kipande kinaweza kuwa kimepigwa rangi bila kliya au kliya imeisha. Hapo simamisha mashine, mwite fundi rangi akiangalie kabla hujaendelea.