Mrejesho: Leseni mpya ya rubani binafsi, naendelea vipi kutoka Mombasa?

Wakuu, niliuliza rubani mwenye leseni mpya afanye nini asibaki kuzunguka Ukunda na Malindi tu. Asanteni sana. Haya ndiyo yaliyosimama baada ya kuyapitia na mwalimu.

Kubwa kuliko yote ni kwenda uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, mwalimu akiwa kando. Hapa uwanja wa Moi, Mombasa, tuko karibu na usawa wa bahari. Wilson ni futi 5,500 hivi. Kwa kimo hicho joto la kawaida ni nyuzi 4. Siku ya nyuzi 26 zimezidi 22: kila nyuzi iliyozidi ni kama futi 120 za ziada, kwa hiyo zidisha kwa 120, unapata futi 2,640. Yaani ndege itajiona iko futi 8,100, ichelewe kunyanyuka na ipande kwa kusuasua. Kabla ya kuachia breki, weka nguvu zote, vuta polepole kitufe chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa hadi mizunguko ya injini ifike kilele, kisha kirudishe ndani kidogo. Ukikiacha ndani kabisa kama tulivyozoea pwani, mafuta yanazidi hewa na nguvu zinapotea huku njia inaisha mbele yako.

Pili, upepo wa ubavuni, hasa wakati wa kusi. Upepo wa noti 20 (knots, kipimo cha kasi) ukija kwa digrii 30 kutoka uelekeo wa njia ya kurukia ni noti 10 za ubavu. Kwa digrii 60 ni 17, na mtengenezaji wa ndege ya Cessna 172 alionyesha kwa majaribio kwamba inamudu 15 tu.

Kuruka usiku na ndege ya gurudumu la mkiani vitafuata, kimoja kimoja.